Kwa nini bima ya gari haimtambui dereva aliyejirekebisha

Msimu uliopita wa nyanya nilikuwa Ilula, mkoani Iringa, nikifuatilia gharama za kusafirisha mazao ya bustani kwenda Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali, lakini mama mmoja anayenunua nyanya kwa wakulima na kuzipeleka sokoni Ilala kwa Canter yake alinigeuzia kibao.

"Mwanangu, wewe si umesoma uchumi," aliniambia. "Dereva wangu huu ni mwaka wa tatu hajagusa hata bampa ya mtu. Mbona watu wa bima bado wananitazama vilevile?"

Kisa chake ni hiki. Mwaka 2021 gari lake lilipata ajali mbili ndani ya miezi saba. Ya kwanza dereva aliligonga lori kwa nyuma wakati akiteremka Kitonga na mzigo. Ya pili ilikuwa karibu na Morogoro, safari hiyo na bajaji. Kampuni ilimlipa, ingawa kwa kuchelewa, na bima ilipokwisha ikapandisha kiwango na kumwongezea sehemu ya hasara ambayo lazima aibebe mwenyewe. Mwaka uliofuata ikamwambia haiko tayari kumpa tena bima kubwa. Akahamia bima ndogo, ile ya kuwalinda watu wengine barabarani.

Mama hakumfukuza dereva. Alimpeleka VETA akapata mafunzo, akampiga marufuku kuondoka Ilula baada ya saa nne usiku, na akaacha ule utaratibu wa kumlipa kwa idadi ya safari. Tangu hapo hakuna ajali. Alipotaka kurudi kwenye bima kubwa, wakala alimtajia kiwango kilekile cha watu wote na kuongeza kuwa gari lenyewe sasa ni la zamani. Kuhusu dereva, wakala hakuuliza chochote zaidi ya kama ana leseni.

Nilimjibu kwa kifupi siku ile, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Nimelifanyia kazi tangu wakati huo kwa sababu swali la mama huyu ni la wafanyabiashara wengi wa mazao, na hata la mkulima asiye na gari, maana mwisho wa hesabu bima ya Canter hulipwa na tenga la nyanya.

Sakafu iliyogeuka kuwa dari

Tuanze na jinsi bei inavyopangwa. Kwa muda mrefu biashara ya bima nchini ilikuwa ya mtu mmoja. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963, na kuanzia mwaka 1967 likawa peke yake sokoni hadi sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu kampuni binafsi. Kampuni zilipokuwa nyingi, zilianza kugombania wateja kwa kushusha bei. Anayefurahia bima ya bei ya kutupa ajue kuwa siku ya ajali huenda akakuta kampuni haina fedha za kumlipa. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuwapo kwa msimamizi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na mamlaka hiyo imekuwa ikiweka viwango vya chini ambavyo kampuni hairuhusiwi kwenda chini yake.

Kwa gari dogo la binafsi wengi wetu tunavikumbuka viwango hivyo: bima ndogo sh 100,000, ambayo ukiiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa ile sh 118,000 iliyozoeleka kwa miaka, bima kubwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Magari ya biashara yana ngazi zake kulingana na matumizi. Kubeba mizigo yako mwenyewe ni jambo moja, kubeba mizigo ya watu kwa kukodishwa ni jambo jingine, na abiria ni jambo la tatu.

Sasa angalia kinachotokea. Kiwango cha chini kimewekwa kama sakafu, lakini ushindani unazivuta kampuni zote kuelekea sakafu hiyohiyo, na kwa wateja wengi sakafu inageuka kuwa bei yenyewe. Dereva mzuri anakutana na sakafu na hawezi kushuka sana zaidi ya hapo. Dereva mbaya analipa hiyohiyo mpaka siku atakapogonga. Akishagonga mara mbili, kampuni ina nafasi ya kumpandishia au kumkataa. Kwa maneno mengine, mfumo wetu una njia ya kumwadhibu mtu aliyeharibu, lakini njia ya kumrudisha aliyejirekebisha ni finyu. Kilichopo ni punguzo la kutodai, ambalo kampuni hutoa kwa mteja wa bima kubwa aliyemaliza mwaka bila kudai. Punguzo hilo ni la mwenye gari na mkataba wake. Halimjui dereva. Na kwa kuwa mama wa Ilula alikuwa kwenye bima ndogo kwa miaka miwili, miaka hiyo miwili ya usalama haikuandikwa popote kama sifa yake.

Hapa ndipo penye tatizo ninaloliona mimi. Kwetu bei inafuata chuma badala ya mtu anayekiendesha. Hata faini za barabarani unaweza kuziangalia kwenye mfumo wa kielektroniki wa polisi kwa namba ya gari, na kila mwenye gari anajua machungu ya dereva aliyeacha kazi na kumwachia tajiri wake deni la faini alizokula Chalinze na Mikumi. Dereva yule anahamia kwa tajiri mwingine akiwa msafi kama mtoto mchanga. Na yule aliyejirekebisha naye akihama anakwenda mikono mitupu.

Wenzetu wanafanyaje

Ufaransa wana utaratibu ambao ningependa wafanyabiashara wetu waujue, kwa sababu ni wa hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Dereva anaanza na namba 1. Kila mwaka anaomaliza bila ajali ya kosa lake, namba yake inazidishwa kwa 0.95, yaani anapunguziwa asilimia tano, hadi ifike 0.50. Akisababisha ajali, inazidishwa kwa 1.25. Ada ya msingi inazidishwa kwa namba hiyo.

Tumchukue mtu ambaye ada yake ya msingi ni sawa na sh milioni 1. Amesababisha ajali mbili: namba yake ni 1.56, anatakiwa kulipa sh 1,560,000. Kama angesubiri kushuka kwa asilimia tano kila mwaka, angehitaji karibu miaka tisa kurudi alikoanzia. Lakini kanuni yao ina kifungu kingine: ukimaliza miaka miwili mfululizo bila ajali ya kosa lako, namba iliyo juu ya 1 inarudishwa 1. Miaka miwili tu. Mbaya kabisa naye hawezi kupanda zaidi ya 3.50. Kwa hiyo dereva mwenye historia mbaya anajua tarehe ya kumaliza adhabu, na anajua kuwa ajali nyingine moja itamharibia. Mchumi anapenda sana kanuni ya namna hiyo, maana inampa mtu sababu ya kukanyaga breki mapema.

Marekani ni hadithi tofauti. Huko kila jimbo lina sheria zake. Katika majimbo mengi dereva aliyekamatwa kwa kosa kubwa, kama kuendesha amelewa au bila bima, hutakiwa kampuni yake ipeleke serikalini fomu iitwayo SR-22 kuthibitisha kuwa ana bima, mara nyingi kwa miaka mitatu. Kipindi hicho kikiisha, mtu anatarajia bei ishuke. Hushuka, lakini si kwa kila mtu sawasawa, kwa sababu katika majimbo mengi kampuni huangalia pia mahali gari linapolala. Mtaa wenye wizi mwingi wa magari, msongamano, mafundi wa bei ghali na madereva wengi wasio na bima unampandishia bei hata mtu ambaye hajawahi kugonga kuku. Mtu anaweza kusafisha jina lake na bado akaadhibiwa kwa anwani yake.

Wananchi wa California walilipinga hilo kwa kura mwaka 1988. Sheria waliyoipitisha, inayojulikana kama Pendekezo 103, inataka bei ya bima itegemee kwanza historia ya dereva, pili kilomita anazotembea kwa mwaka, tatu uzoefu wake wa miaka. Mambo mengine yaje nyuma ya hayo. Dereva mwenye rekodi nzuri ana haki ya punguzo lisilopungua asilimia 20. Michigan nayo, katika mageuzi ya mwaka 2019, ilizuia kampuni kutumia msimbo wa posta wa mtu kumpangia bei, ingawa kampuni bado zinaweza kugawa jimbo kwa maeneo.

Je, sisi tuanze kupanga bei kwa mkoa? Nimeulizwa hivyo na mtu wa bima ambaye aliona jibu ni ndiyo, kwa hoja kuwa Kitonga ni Kitonga. Simpingi kuhusu Kitonga. Gari linaloteremka pale na mzigo mara mbili kwa wiki lina hatari ambayo gari la Bagamoyo halina. Lakini ukifuata njia hiyo, mkulima wa Makete au Lushoto atalipia bima ya juu kwa sababu ya barabara ambayo si yeye aliyeijenga wala si yeye anayeitengeneza. Ataadhibiwa mara mbili: kwanza springi za gari, kisha ada.

Hata hivyo, bei moja kwa wote nayo haina haki tunayoidhania. Fikiria pickup ya mkulima wa Ludewa inayotoka mara mbili kwa wiki kwenda mnadani na kwenye duka la pembejeo, na miezi ya mvua inalala uani. Mwenye pickup hiyo analipa bima ndogo kwa ngazi ileile ya pickup inayoshinda Barabara ya Mandela kutwa, katikati ya bodaboda na malori ya bandarini. Nani ana uwezekano mkubwa wa kumgonga mtu? Ukweli ni kwamba mkulima yule anamchangia mwenzake wa mjini. Ndiyo maana kipimo cha pili cha California kinanivutia zaidi kuliko suala la mkoa. Kilomita zinapimika kwenye dashibodi, na kilomita ndizo zinazomtofautisha mkulima na mchukuzi. Kenya wenye matatu wamezoea kununua cheti cha bima cha mwezi mmoja mmoja. Sijaona kwa nini gari la msimu wa mavuno lisiwe na utaratibu wa aina hiyo uliopangwa vizuri.

Eneo linaingia kwa mlango wa nyuma

Kusema kuwa viwango vyetu havitaji mkoa si kusema kuwa mahali hapana maana. Pana maana kubwa, ila panaonekana kwenye masharti kuliko kwenye asilimia. Mama wa Ilula aliiangalia asilimia tu, na wengi wetu tunafanya hivyo. Nikaketi naye tukafanya hesabu kwenye karatasi ya nyuma ya daftari lake la wakulima.

Tulichukua Canter ya thamani ya sh milioni 30 na kiwango cha mfano cha asilimia nne. Ada ni sh 1,200,000. Na VAT ya asilimia 18 inakuwa sh 1,416,000. Gari likifanya safari 100 kwa mwaka, kila safari inabeba sh 14,160 za bima. Kwa matenga 80 kwa safari, ni kama sh 177 kwa tenga. Kampuni ikimpandishia kwa asilimia moja nzima kwa sababu ya ajali zake za zamani, ongezeko ni sh 354,000 kwa mwaka, au takriban sh 44 kwa tenga. Inauma, lakini haimwondoi mtu sokoni. Bei ya tenga inaweza kuyumba kwa maelfu kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Kisha tukaangalia ajali yenyewe. Tuseme matengenezo ni sh milioni 6 na mkataba unamtaka abebe asilimia 10 ya hasara. Hizo ni sh 600,000 papo hapo. Kama historia yake mbaya ilifanya sehemu hiyo ipandishwe hadi asilimia 20, ni sh 1,200,000, ambayo ni ada ya mwaka mzima kabla ya VAT. Halafu gari linalala gereji. Mkaguzi wa hasara anatoka mjini, kipuri kinasubiriwa, barua ya kuruhusu matengenezo inasubiriwa. Wiki sita katikati ya msimu ni safari 12. Kama kila safari inamwachia sh 150,000 baada ya mafuta, ushuru na posho, amepoteza sh 1,800,000, na fedha hiyo hakuna bima ya kawaida ya gari inayoirudisha.

Mama aliitazama ile 1,800,000 kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nagombana na kitu kidogo."

Sikubaliani naye moja kwa moja, lakini alikuwa karibu na ukweli. Kwa mfanyabiashara wa mbali na mji, tofauti kati ya kampuni na kampuni si ile nusu asilimia. Ni kama kampuni ina mkaguzi anayeweza kufika Iringa au Makambako ndani ya siku mbili, kama inakubali gereji ya karibu au inataka gari livutwe hadi Dar es Salaam, na nani anayelipa gharama ya kuvuta. Dereva wa mjini anaweza kulipuuza swali hilo. Wewe huwezi.

Umri wa gari ni mlango mwingine. Magari mengi ya mazao ni ya mitumba na yamekwisha kula miaka. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la zamani, kwa sababu vipuri hugharimu karibu sawa na vya gari jipya wakati thamani ya gari imeshuka. Kwa hiyo mama alipokataliwa, huenda nusu ya sababu ilikuwa ajali na nusu ilikuwa mwaka wa kutengenezwa kwa gari. Hakuambiwa ni ipi. Alipaswa kuuliza, na kampuni ilipaswa kumwandikia.

Kuna pia swali la nani hasa anaendesha. Tajiri anajaza fomu akimtaja dereva wake mwenye leseni ya miaka 10. Mkataba mara nyingi unaongeza sehemu ya hasara kama aliyekuwa kwenye usukani ana umri chini ya miaka 25 au leseni yake ni changa. Sasa dereva wako akifika Mikumi amechoka anampa deiwaka amalizie safari. Wewe uko Ilula umelala. Gari likigonga, historia nzuri uliyoijenga kwa miaka mitatu imebebwa na kijana usiyemjua jina. Nimewasikia matajiri wakisema deiwaka hawazuiliki. Wanazuilika pale dereva anapolipwa vizuri na anapopangiwa muda wa kupumzika. Mama huyu alifanikiwa kwa njia hiyo.

Kuhusu kuficha ajali za nyuma, naomba nieleweke vizuri, maana kuna mawakala wanaoshauri hivyo. Fomu ya maombi ya bima inauliza ajali na madai ya miaka iliyopita, na bima ni mkataba unaosimama juu ya ukweli. Ukiandika "hakuna" wakati zipo, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai lako siku utakayolihitaji. Kubadilisha kampuni hakufuti historia. Taarifa za bima za magari sasa ziko kwenye mfumo wa TIRA, na stika yako inahakikiwa kwa simu. Ni heri kuandika ajali zote mbili, kisha uambatanishe ushahidi wa kilichobadilika.

Ushahidi gani? Barua ya kampuni yako ya zamani inayoonyesha madai yaliyolipwa na miaka ambayo hukudai. Ukiwa na bima ndogo pia iombe, kwa sababu inaonyesha kuwa hakuna mtu wa tatu aliyelipwa kwa sababu yako. Cheti cha mafunzo ya dereva. Mkataba wake wa ajira wenye tarehe, kuonyesha ni mtu yuleyule na si mgeni wa mwezi jana. Ripoti ya kifaa cha kufuatilia gari, kama umekifunga, inayoonyesha mwendo na saa za safari. Hicho ndicho kitu pekee ninachokijua ambacho kinaweza kumwambia mtu wa bima alivyoendesha dereva wako Kitonga saa tisa usiku. Hakuna sheria inayoilazimisha kampuni kukupunguzia kwa karatasi hizo. Lakini anayepanga masharti ni mtu, na mtu anayeona karatasi anakuwa na cha kumwonyesha mkubwa wake. Kabla hujadai asilimia, dai sehemu ya hasara irudishwe ilivyokuwa. Hesabu yetu ya hapo juu inaonyesha kwa nini.

Wakala wa pembeni, hasa wa kwenye meza ya barabarani, hana mamlaka ya kubadili sharti lolote. Mfanyabiashara mwenye historia ya ajali afike kwenye tawi lenyewe, au amtumie dalali wa bima aliyesajiliwa, na wenye magari wachache wa soko moja wakienda pamoja watasikilizwa zaidi. Wakulima wa AMCOS wanajua nguvu ya kuuza pamoja. Sijui kwa nini wenye Canter kumi za Ilula kila mmoja ananunua bima peke yake.

Mambo mawili nayapitia haraka. Bima ya gari, hata kubwa, haizilipi nyanya zako zikimwagika. Mzigo una bima yake ya safari. Na makuli au wauzaji wanaopanda juu ya matenga wasidhaniwe kuwa wamo. Soma kilichoandikwa kuhusu abiria wa gari la mizigo kabla hujaruhusu mtu kupanda. Kwa wanaovuka Tunduma au Kasumulu, bima ya ndani haitoshi kwa mtu wa tatu ng'ambo ya mpaka bila Kadi ya Njano.

Kwa upande wa wenye mamlaka, ombi langu ni dogo kuliko linavyoonekana. Historia ya dereva ifuate leseni yake. Polisi wanazo taarifa za makosa, kampuni zina taarifa za madai, na leseni ina namba isiyobadilika mtu anapohama tajiri. Dereva wa Canter akiweza kutoa karatasi moja inayosema miaka mitatu hana ajali ya kosa lake, atakuwa na kitu cha kumwonyesha tajiri mpya anapoomba mshahara, na tajiri atakuwa na kitu cha kuonyesha kwenye bima. Na pawe na muda maalumu, kama ile miaka miwili ya Wafaransa, ambao ukipita ajali ya zamani haihesabiwi tena dhidi ya mtu. Viwango vya chini vinaweza kubaki. Ninachoomba ni ngazi ya kushuka iliyo wazi na iliyoandikwa, ambayo kampuni itatakiwa kumwonyesha mteja.

Gharama ya kufanya hivyo ipo. Madereva wengine watakwepa kuripoti ajali ndogo ili wasichafue karatasi, na watawalipa bodaboda waliowagonga pembeni ya barabara. Ufaransa nao wana tatizo hilo. Lakini hata sasa ajali ndogo nyingi zinamalizwa hivyohivyo, tena bila faida yoyote kwa anayejitahidi.

Mama wa Ilula aliandika barua kwa kampuni yake ya zamani wiki mbili baada ya mazungumzo yetu. Aliambatanisha cheti cha VETA na nakala za stika za miaka miwili. Nilipompigia simu mwezi uliopita alikuwa amejibiwa: bima kubwa wamekubali kumpa, kiwango kilekile cha wengine, lakini sehemu ya hasara imerudi kwenye asilimia 10 kwa sharti la kufunga kifaa cha kufuatilia gari. Kifaa alikuwa bado anatafuta fundi wa kukifunga Iringa mjini, kwa sababu aliyeelekezwa na kampuni yuko Dar es Salaam, na kwenda huko kwa ajili hiyo tu ni safari moja ya nyanya iliyopotea.